Tope la Ur mita mbili na nusu: ni gharika ya Nuhu au mto ulifurika tu?

#1 Mzee wa Vigae
Wakuu, salaam.

Nimechoka kusikia mahubirini kwamba wanasayansi "wameshathibitisha" gharika ya Nuhu. Ukiuliza wamethibitishia wapi, unaambiwa huko Iraki walichimba wakakuta tope. Nikaamua kulifuatilia hilo tope lenyewe.

Kisa ni hiki. Msimu wa 1928/29 Mwingereza Leonard Woolley alikuwa anachimba Ur, kusini mwa Iraki, jina lilelile la mji ambao Biblia inasema Ibrahimu alitokea. Alikuwa ameshafukua makaburi ya kifalme yenye dhahabu, akataka ajue chini yake kuna nini. Kibarua akashushwa shimoni. Akapita vigae, majivu na takataka za watu wa kale, halafu ghafla kila kitu kikakatika. Tope tupu, safi, limetulizwa na maji. Hamna kigae, hamna mfupa, hamna jivu. Kibarua akapaza sauti kwamba wamefika udongo mama, yaani chini yake hakuna tena mabaki ya watu. Woolley akapima, akaona kina hakilingani na hesabu zake, akamwambia endelea. Tope likaenda kama mita mbili na nusu, kisha vigae vikarudi! Vyombo vya udongo vilivyochorwa, vya zama za Ubaid, pamoja na zana za jiwe la gumegume. Yaani watu waliishi pale, maji yakaja na tope, na watu wakaja kuishi tena juu yake.

Akawaita wasaidizi wake wawili, wakatazama, wakakosa la kusema. Akapita mkewe Katharine, akatupia jicho mara moja, akasema bila shaka hiyo ni ile Gharika. Msimu uliofuata Woolley akapanua shimo, mahali pengine tope likazidi mita tatu. Magazeti ya Ulaya yakalipuka.

Sasa nauliza: hilo ndilo tope la Mwanzo 6 hadi 9? Au mto Frati ulifurika kama Rufiji inavyofurika? Wenye data karibuni. Wenye matusi bakini nayo.

#2 Mama Naomi
Nimewahi siti ya mbele.

#3 Askari wa Zamu
Neno la Mungu halingoji Mzungu achimbe shimo. Yesu mwenyewe kataja siku za Nuhu, Mathayo 24:37. Kama ni ngano, basi Yesu alikuwa anasimulia ngano? Jibuni hilo kwanza ndipo tuje kwenye tope.

#4 Ticha wa Jiografia
Mleta uzi umesimulia vizuri ila umekatia njiani, na hapohapo ndipo wahubiri nao hukatia. Woolley mwenyewe hakusema dunia nzima ilizama. Alikadiria maji yalifunika bonde la chini la mito Hidekeli (Tigris) na Frati, eneo la kama kilomita 640 kwa 160. Kwa mtu wa pale hiyo ndiyo dunia yote aliyoijua. Lakini si Kilimanjaro.

Halafu, si kila shimo alilochimba palepale Ur lilikuwa na tope hilo. Na ukienda miji mingine mambo yanazidi kuvurugika. Kish kuna matabaka ya mafuriko, zaidi ya moja, ila ni ya baadaye, kati ya 2900 na 2600 KK hivi. Shuruppak alichimba Erich Schmidt mwaka 1931, akakuta tabaka la kama sentimita 60, la karibu 2900 KK. La Ur linawekwa kwenye 3500 KK. Hayo si maji ya siku moja.

Na Eridu je? Mji jirani kabisa na Ur. Fuad Safar na Seton Lloyd waliuchimba miaka ya 1940 wakakuta mahekalu yamejengwa moja juu ya jingine mpaka chini kabisa kwenye mchanga. Tope la gharika hakuna.

#5 Bwana Pweza
Kwa hiyo gharika ya dunia nzima ilishindwa kufika kijiji cha jirani 😂

#6 Mchimba Visima
Mimi si msomi, nachimba visima vya mkono huku Rufiji. Niwaambie tunachokiona shimoni.

Juu ni udongo mweusi wa shamba. Ukishuka unakutana na mfinyanzi wa kijivu unaong'ang'ania sururu, huo umeletwa na mafuriko. Chini yake mchanga mweupe wa mtoni, halafu mfinyanzi tena. Kisima kimoja tulikuta katikati ya mfinyanzi na mfinyanzi pana mkaa, mafiga na vigae vya chungu kilichotiwa nakshi shingoni, chini kuliko urefu wa mtu. Watu walipika pale. Kisima kingine, ng'ambo tu ya barabara, hakina mkaa wala kigae, mchanga mtupu mpaka maji. Mto ulishawahi kupita hapo ukahama.

Mafuriko ya 2024 yalinipiga mimi na shemeji yangu, mashamba yetu yamepakana. Langu lilifunikwa na tope mpaka magotini. La kwake tope halikuzidi unene wa kandambili. Maji yaleyale, wiki ileile. Mto hutupa tope pale unapopunguza mwendo, pengine unapita unakomba hata lililokuwepo. Kwa hiyo Ticha, Eridu yako haitoshi. Kukosa tope si kukosa maji.

Na msishangae kwamba watu walirudi kujenga juu ya tope. Sisi maji yakishuka tunapanda mlau siku zilezile, mahindi yanakimbia kuliko ya masika. Tope ndilo linalotulisha.

#7 Ticha wa Jiografia
Mchimba Visima, hiyo ya kasi ya maji ni kweli kabisa na wanafunzi wangu nitawasomea. Ila tarehe hujaigusa. Ur na Shuruppak zimepishana kama miaka 600. Mito ile ilikuwa inafurika karibu kila Aprili na Mei, theluji ya milima ya Uturuki ikiyeyuka. Mazao yamesimama shambani, maji yanakuja wakati mbaya kuliko wote. Ukiishi hapo miaka 3000, hadithi ya gharika lazima utakuwa nayo, na inaweza kuwa ni gharika kumi zimeunganishwa kuwa moja.

#8 Askari wa Zamu
"Inaweza kuwa", "huenda", "inakadiriwa". Ndiyo sayansi yenu hiyo. Mwanzo 7:11 inataja mwezi na siku.

#9 Bint Mtepe
Mimi ukoo wetu ni mafundi wa majahazi, Lamu. Acheni tope kidogo tuongee chombo.

Mwanzo 6:15 inatoa dhiraa 300 kwa 50 kwa 30. Dhiraa ukiifanya sentimita 45, urefu ni mita 135. Mbao tupu! Jahazi kubwa kwetu halifikii hata robo ya hapo. Tatizo la chombo kirefu cha mbao si kuelea, ni kupinda. Wimbi linakibeba katikati, tezi na omo, yaani nyuma na mbele, vinaning'inia, wimbi linapita, kinapinda kinyume. Kila kikipinda, baina ya mbao panafunguka. Wamarekani walijaribu: meli ya tanga iitwayo Wyoming, ya 1909, sitaha yake ilikaribia mita 100. Waliifunga kwa vyuma, bado mbao zilicheza, maji yakaingia, pampu hazikulala. Mwaka 1924 ikazama na mabaharia wake wote.

Babangu angewauliza swali moja tu: kalafati ya urefu huo, yaani pamba ya kuziba nafasi za mbao, ni ya shamba gani?

#10 Askari wa Zamu
Ramani ilitoka kwa Mungu dada yangu.

#11 Bint Mtepe
Ramani siibishi kaka. Mimi nauliza mbao.

#12 Mkutubi
Bint Mtepe umenichokoza. Kuna kibao cha udongo cha kama 1750 KK ambacho Irving Finkel wa Makumbusho ya Uingereza alikisoma na kukitangaza mwaka 2014. Ndani yake mungu anampa Atrahasis, Nuhu wa Babeli, maelekezo ya kuunda chombo, na chombo ni cha duara, kipenyo kama mita 70. Kamba ya nyuzi za mtende imezungushwa na kushonwa mpaka inakuwa kapu kubwa, ndani mbavu za mbao, kisha lami. Vyombo vya namna hiyo, vidogo, vilikuwa vinavusha watu na punda kwenye Hidekeli mpaka karne ya 20. Na lami kule haikuwa shida, pale Hit kando ya Frati inachuruzika yenyewe kutoka ardhini. Walipounda mfano wake mdogo huko Kerala, India, ulielea lakini ulivuja, lami waliyoipata haikuwa nzuri.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1872 George Smith, ambaye alianza maisha kama mchongaji wa sahani za kuchapia noti, alikuwa anasoma vibao vilivyotoka Ninawi, maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Akakuta chombo kimekwama mlimani na njiwa ameachiliwa akarudi. Tarehe 3 Desemba akausomea umma London, waziri mkuu Gladstone akiwa ameketi humo. Kibao kina njiwa, mbayuwayu na kunguru. Mwanzo ina kunguru na njiwa. Kote mtu anashuka, anatoa sadaka, harufu inapanda juu.

Na huyo shujaa, Utnapishtim, alikuwa mtu wa Shuruppak. Ndiyo, uleule mji wa sentimita 60 za Ticha. Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, walimwita Ziusudra. Orodha yao ya wafalme inawagawa kabisa: wa kabla ya gharika na wa baada. Wa kwanza kabisa, Alulim wa Eridu, anapewa miaka 28,800 ya kutawala.

#13 Bwana Pweza
Miaka 28,800 na bado wapambe walisema aongezewe muhula 😂😂

#14 Kaka Mbishi
Basi kesi imekwisha. Wayahudi walipelekwa uhamishoni Babeli, wakasikia hadithi, wakarudi nayo, wakabadilisha majina. Tufunge uzi.

#15 Askari wa Zamu
Usifunge kitu hapa. Gari likipinduka Kitonga, mashahidi kumi watakupa maelezo kumi. Mmoja atasema lori lilikuwa jekundu, mwingine la bluu. Je, ajali haikutokea? Hivyo vibao vinathibitisha kwamba kila mtu wa kale aliijua gharika. Musa alipewa maelezo sahihi, wengine yakawaharibikia. Hao miungu wa Babeli wanaleta maji kwa sababu eti watu wanapiga kelele, mungu mkuu hapati usingizi! Kisha sadaka ikichomwa wanaizonga kama inzi kwa njaa. Soma Mwanzo uone tofauti: dhuluma, hukumu, agano.

#16 Mkutubi
Kaka Mbishi, uhamisho peke yake hautoshi. Kipande cha Gilgamesh, utenzi wenye kile kibao cha Smith, kimeokotwa Megido, Kanaani kwenyewe, cha karne nyingi kabla ya Nebukadreza, mfalme aliyewapeleka uhamishoni. Hadithi ilikuwa inatembea na wafanyabiashara na waandishi. Askari naye, tofauti hizo umezisema vizuri, lakini mashahidi wako wa Kitonga hawawezi kukumbuka ndege yuleyule akirudi kwa mpangilio uleule. Hapo kuna mmoja aliyemsoma mwenzake, au wote wawili walimsoma wa tatu.

Tena ukiisoma Mwanzo taratibu utakuta nyuzi mbili zimesokotwa. 6:19 wanyama wawiliwawili, 7:2 waliosafi saba saba. Mahali siku 40, mahali 150. Wasomi wengi wanaona ni simulizi mbili za Kiebrania zilizounganishwa.

#17 Bin Maskati
Salaam kutoka Muscat. Mnazungumza kana kwamba kisa hiki kina kitabu kimoja. Surat Hud aya ya 44 inasema safina ilitua juu ya Judi. Mlima Judi uko kusini-mashariki mwa Uturuki, karibu na Cizre, si ule Ararat wa mita 5137 ambao watu wanaupanda kutafuta mbao. Wakristo wa Kisiria wa zamani nao walielekeza safina upande huohuo wa Judi. Na wapo wanazuoni wanaosema Nuhu alitumwa kwa kaumu yake, basi maji kuifunika kaumu yake kunatosha. Wengine wanasema ardhi yote. Khilafu hiyo ni ya siku nyingi.

Ila mimi dhana yangu iko hapa nyuma ya nyumba. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari duniani ilikuwa chini kwa kama mita 120, maji yakiwa yamefungwa kwenye barafu. Ghuba ya Uajemi kina chake cha wastani hakifiki mita 40. Ilikuwa nchi kavu, mito ya Iraki ikipita katikati mpaka Hormuz, mlango wa Ghuba. Barafu ilipoyeyuka bahari ikaanza kuingia, na kwenye miaka 6000 iliyopita ufuo ulikuwa umesogea mpaka karibu na Ur. Jeffrey Rose aliandika mwaka 2010 kwamba bonde lile huenda lilikuwa makazi mazuri na watu wakasukumwa kutoka humo. Kama vijiji vyao vipo, viko chini ya meli za mafuta.

#18 Ticha wa Jiografia
Nzuri, ila maji yanayopanda kidogokidogo vizazi na vizazi hayahitaji safina. Yanahitaji kuhamisha mbuzi.

#19 Bin Maskati
Nchi tambarare kama meza, Ticha. Bahari ikipanda sentimita chache huku, ufuo unasogea mbali sana. Na dhoruba moja ikikutana na bamvua inamaliza kijiji usiku mmoja.

#20 Baharia Mstaafu
Mmesahau Bahari Nyeusi. William Ryan na Walter Pitman wa Chuo Kikuu cha Columbia walisema 1997 kwamba ilikuwa ziwa la maji baridi, chini ya usawa wa bahari, na miaka kama 7600 iliyopita Mediterania ikavunja mlango pale Bosforasi. Kwa hesabu yao maji yaliingia kwa nguvu ya Niagara mara 200. Robert Ballard, yule aliyeipata Titanic, akashuka mwaka 1999 akakuta ufuo wa zamani kwenye kina cha kama mita 155, na kombe za maji baridi. Wakulima waliokimbia ndio walioisambaza hadithi mpaka Sumeri.

#21 Ticha wa Jiografia
Hiyo ilipendwa sana na televisheni. Wengine walipochunguza matope wakasema maji yalikuwa yakitoka Bahari Nyeusi kwenda nje siku nyingi kabla. Na mwaka 2009 Liviu Giosan na wenzake walipima delta ya Danube wakasema ziwa lilikuwa chini kwa mita 30 hivi, si 80, kwa hiyo kupanda kwake ni mita 5 mpaka 10 tu. Halafu maji ya Nuhu yalipungua. Ya Bahari Nyeusi yapo mpaka leo.

#22 Askari wa Zamu
Haya, tuje Afrika. Mbona kombe na viumbe vya baharini vimegeuka mawe huku bara, milimani? Nani alivipandisha?

#23 Kijana wa Lodwar
Askari, huku kwetu Turkana kuna hata nyangumi. Si utani. Mwaka 1964 lilichimbuliwa pale Loperot fuvu la nyangumi wa miaka milioni 17, kilomita 740 kutoka baharini na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Mifupa ikapelekwa Marekani ikapotelea stoo, ikaonekana tena 2011. Lakini soma walichosema 2015: alipanda mto mkubwa akapotea njia, wakati huo nchi ilikuwa chini, baadaye ndipo ardhi ya Bonde la Ufa ikainuka naye. Yaani wanamtumia kupima ardhi iliinuka lini.

#24 Mwana Lindi
Na sisi tuna Tendaguru. Pale matabaka yamepokezana: la mijusi mikubwa (dinosaria), juu yake mchanga wenye kombe za baharini, juu yake mijusi tena, kombe tena. Bahari ilikuja ikarudi, ikaja ikarudi. Gharika moja ya mwaka mmoja haipangi hivyo. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, na mjusi wetu amesimama Berlin mpaka leo analipisha kiingilio.

#25 Bwana Pweza
Arudi nyumbani!

#26 Mwana Lindi
Arudi kabisa. Waliobeba mifupa begani mpaka Lindi bandarini ni babu zetu, na mshahara wao unaujua.

#27 Nyumba ya Mawe
Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja mnaulizia kombe ziko wapi wakati mmelala ndani yake. Jiwe la kuta zenu ni matumbawe. Sehemu kubwa ya mwamba ule wa pwani ni miamba hai ya miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu mita kadhaa kuliko leo. Na Miritini ukikata udongo kwa ajili ya barabara unaokota ammonaiti, viumbe wa baharini wenye kombe waliogeuka mawe, wa zama za hao mijusi wa Tendaguru au kabla yao.

#28 Mtoto wa Marangu
Swali la kijinga labda. Barafu huelea, sivyo? Mwaka 2000 Lonnie Thompson alitoboa barafu ya Kilimanjaro, akasema ya chini kabisa ina miaka kama 11,700. Kama maji yalifunika milima yote kwa dhiraa 15, ile barafu ingeng'oka ikaondoka zake Bahari ya Hindi.

#29 Kaka Mbishi
Hilo si swali la kijinga, hilo ni bao.

#30 Askari wa Zamu
Bao la kuotea. Huo umri wa barafu wanabishana wenyewe kwa wenyewe, wapo wanaosema ni changa zaidi ya hapo. Na mnapenda kusema "wanasayansi wamekubaliana". Someni habari za J Harlen Bretz. Mwaka 1923 alisema jimbo la Washington, Marekani, lilichongwa na gharika kubwa ya ghafla. Wakubwa wa jiolojia wakamkejeli kwa miongo, eti anarudisha Nuhu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1979, mzee wa zaidi ya miaka 90, wakampa medali ya Penrose, heshima kubwa ya jiolojia. Nani alikuwa sahihi?

#31 Ticha wa Jiografia
Bretz alikuwa sahihi, nami humfundisha. Lakini aliwashinda kwa kipi? Kwa makorongo, kwa changarawe zilizopangwa kama mawimbi marefu kama nyumba, na chanzo kikapatikana: ziwa Missoula lililozuiwa na ukuta wa barafu, ukuta ukavunjika, tena si mara moja. Alionyesha maji yalipita wapi na wapi hayakupita. Barafu changa bado ni barafu ya maelfu ya miaka, na ya Greenland inavuka miaka 100,000 bila kukatika. Nionyeshe Nuhu wako alipopita.

#32 Hesabu za Ukoo
Tarehe ndiyo mfupa. Askofu mkuu Ussher wa Ireland, mwaka 1650, alijumlisha umri wa mababu akapata gharika ni 2348 KK. Piramidi kubwa ya Khufu ni ya karibu 2560 KK. Wamisri walikuwa wanaandika kabla ya 2348, wakaandika wakati huo, wakaandika baada yake, na hakuna aliyeacha kalamu akalalamika kalowa.

Ila hesabu ya Ussher imefuata Biblia ya Kiebrania. Ukifuata ile ya Kigiriki waliyotumia Wakristo wa kwanza, umri wa mababu baada ya Nuhu ni mrefu zaidi na gharika inarudi nyuma mamia ya miaka, zaidi ya 3000 KK. Hapo Askari unasogea karibu na tope la Shuruppak. Nimekusaidia, usinishukuru.

#33 Askari wa Zamu
Ubarikiwe kwa hilo. La Shuruppak nitalichukua.

#34 Ticha wa Jiografia
Ukilichukua la Shuruppak umekubali ni mafuriko ya mkoa mmoja. Hongera, umejiunga nasi.

#35 Askari wa Zamu
Sijajiunga popote.

#36 Ole wa Longido
Mmezunguka Uturuki na Marekani mmesahau Wamaasai. Bibi yangu hakuwahi kubatizwa na alinisimulia kisa cha Tumbainot. Mtu mwema, mkewe Naipande, wana watatu. Nduguye akafa, akamrithi mjane, wakaja wana wengine watatu. Watu wakawa wabaya, wakafikia kuuana, Mungu akachukia. Akamwambia Tumbainot ajenge sanduku la mbao, aingie na wake zake wawili, wana sita na wake zao, na wanyama wa kila aina. Mvua ikapiga mpaka kila kilicho nje kikafa.

Alipotaka kujua kama maji yamepungua akamtuma njiwa. Njiwa akarudi amechoka, hakupata pa kutua. Baadaye akamtuma tumbusi, lakini kwanza akamfungia mshale mkiani. Hesabu yake: tumbusi akitua kwenye mzoga, mshale utanasa na kubaki hukohuko. Jioni ndege akarudi bila mshale. Ndipo mzee akajua kuna nchi. Upinde wa mvua ukatokea pande zote nne.

#37 Mkutubi
Ole, kisa hicho kiliandikwa mwaka 1904 na afisa wa Kijerumani, Moritz Merker, ambaye alikuwa anataka kuonyesha Wamaasai na Waisraeli ni damu moja. James Frazer akakirudia 1918 na dunia ikakijua. Wengi wanashuku ni Mwanzo iliyopita kwa wamisionari ikavishwa shuka jekundu. Huenda bibi aliipata kwa waliosikia.

#38 Ole wa Longido
Mmisionari gani alifundisha kufunga mshale kwenye mkia wa tumbusi? Nitajie dhehebu lake. Huyo ni mfugaji anayejua tumbusi anakula vipi.

#39 Mchimba Visima
Ole kapiga penyewe. Njiwa mtu yeyote anaweza kumwazima. Tumbusi ana mwenyewe.

#40 Nyar Kendu
Nasi tuna Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Mama mzee alikuja kijijini usiku wa ngoma, akanyimwa chakula na pa kulala isipokuwa kwa mwanamke mmoja. Alfajiri kijiji chote kiko chini ya maji. Leo ni ziwa la chumvichumvi, heroe wanakuja. Wajiolojia wanasema ni kreta ya volkano.

#41 Mama Naomi
Huko kunyima wageni chakula kunaonekana ni kosa la kimataifa.

#42 Mvuvi wa Pangani
Wenye kutaka maji ya kweli yaliyoua watu wa kweli pwani hii, njooni Pangani. Vittorio Maselli na wenzake, pamoja na watafiti wa Kitanzania, walichapisha 2020: chini ya ardhi ya ghuba yetu kuna tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu, imelala ovyo, haikuzikwa. Kijiji cha Waswahili wavuvi, miaka kama 1000 iliyopita. Wanasema ni tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi. Hapa hatuna hata hadithi moja ya wazee kuhusu siku hiyo, angalau mimi sijaisikia, na nimeuliza.

#43 Hesabu za Ukoo
Hiyo ya Pangani imenishtua kuliko Ur yote. Mifupa ipo, mchanga upo, hadithi hamna. Ararat hadithi ipo, watu wanakwea, wengine wanarudi na picha za mwamba wenye umbo la mtumbwi pale Durupınar, jirani yake, na mbao za 1955 za Mfaransa Fernand Navarra, aliyedai ni za safina, zilipopimwa zikakutwa ni za baada ya Kristo.

#44 Bint Mtepe
Mvuvi, mchanga huo una kina gani? Na vyombo je, walikuta mbao, misumari, kamba za kushonea? Fungua uzi wake tafadhali.

#45 Mvuvi wa Pangani
Nitafungua kesho nikitoka bahari. Leo maji ya jioni yananisubiri.

#46 Msimamizi
Michango yote kuhusu mjusi wa Tendaguru kurudishwa kutoka Berlin imehamishiwa uzi wake. Hapa tubaki na gharika.

#47 Bwana Pweza
Mjusi amehamishwa tena bila kuulizwa 😂